Vifungo vya Koti la Marehemu

Akina mama wenzangu wa ushirika, leo, Alhamisi tarehe 23 Agosti 1984, heshima yangu imeanguka mchana kweupe, mbele ya nusu ya kambi ya jeshi. Nawaandikieni mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana wengine wataongeza chumvi.

Mnajua kwamba Jumamosi tunaondoa matanga ya mume wangu. Wifi yangu, Mama Masengo, amefika kutoka Kabongo kupokea vitu vya kaka yake, kama desturi inavyotaka. Asubuhi nilimkabidhi koti la gwaride. Nililipiga pasi mara mbili. (Kiburi changu mnakijua.) Akalitazama kifuani, akalitupa kitandani.

"Bifungo ya shaba iko wapi? Hii nyeusi ni ya shati! Uliuzisha?"

"Wifi, mimi siuzi vitu vya marehemu."

"Basi itokee. Kama haitokee, Jumamosi utabakia na nguo yako nyeusi. Minyi sitakusafisha."

Mjane asiyesafishwa! Huyo hukaa kando ya watu mpaka kufa kwake. Nikafungua daftari ninamohifadhi tarehe zote za nyumba yetu, nikamsomea: "Jumatatu, tarehe 5 Machi 1973. Mume wangu ametoka kufungwa katika kasho ya kambi, siku nane, kwa kosa la kupoteza vifungo vitano vya koti katika uwanja wa gwaride. Nimemgombeza kwa uzembe wake." (Niliyaandika baadaye, nilipokwisha kujua kuandika. Tarehe nilikuwa nayo kichwani.) Sentensi ya mwisho niliisoma kwa sauti ya juu zaidi.

"Karatasi haishone koti," akajibu wifi.

Nikaenda kwa jirani yetu, Ajida Kazadi, ambaye kazi yake jeshini ni kutafuta mabomu ardhini kwa mashine yenye fimbo ndefu na sahani. Akaja nayo uwanjani. Wanawake wa kambi wakatufuata kana kwamba kuna ugawaji wa mchele.

Mashine ikalia. Kizibo cha bia. Ikalia tena. Kopo la sadini. Ikalia mara ya tatu. Kijiko.

"Mama Numbi, upike sasa, byombo imetimia!" mmoja akapaza sauti. Wakacheka. Mimi nikasimama wima kama mlingoti wa bendera.

Ukingoni mwa uwanja, mbele ya mlango wa stoo ya zamani, mashine ikapiga ukelele. Ajida akalala kifudifudi, akachomoa kisu chake.

"Mama sitwayene, rudi nyuma! Pengine ni bomu!"

Wote wakakimbia. Mimi sikukimbia. (Mjane wa sajini hakimbii! Masikini mimi.) Akachokoa udongo polepole, akatoa kopo la maziwa lililoliwa na kutu. Ndani, vifungo vitano vya shaba.

"Mmeona!" nikalia kwa ushindi. "Kuna mwizi aliyevizika hapa! Ni nani? Ajitaje!"

Ajida akalipangusa kopo kwa mkono wake. "Mama, mwizi aliandika jina yake na musumari."

"Lisome! Watu wote wasikie!"

"N, ile iko kinyume. Halafu U. M. B. I." Akaniangalia. "Numbi."

Numbi ni mimi.

Kicheko kile, wenzangu, nadhani mlikisikia huko mjini. Nami nikakumbuka yote. Stoo ile ndiyo iliyokuwa darasa letu la kwanza la watu wazima. Mwalimu alituagiza kila mmoja alete vitu vitano vya kuhesabia. Wengine walileta punje za mahindi. Mimi, mke wa sajini, nilete mahindi? Nilivikata vifungo kwenye koti lililotundikwa nyuma ya mlango, nikiamini kuwa ni lile kuukuu. Kila jioni nilizika kopo langu nisije nikaibiwa. Kisha mwalimu akahamishwa, darasa likafungwa, kopo likasahauliwa. Mume wangu aliposema kwamba amevipoteza vyake uwanjani, nilimwamini. Nilimwamini upesi mno.

"Ndugu yangu alikufa bila kujua mwizi ni muke yake!" akasema wifi.

"Alijua," akasema Ajida. Yeye alikuwa ameacha kucheka. "Tulilala naye mu kasho moja, minyi juu ya pombe, yeye juu ya bifungo. Nikamuambia: weye, sema tu kama ni muke yako. Akakataa. Akasema: 'Mumuache. Iko najifunza kuhesabu, na amefika ine, inabakia tano tu.'"

Hakuna aliyecheka tena. Ningalipenda wacheke.

Mama Masengo akavitwaa vifungo, akavifuta kimoja kimoja kwa kitenge chake.

"Basi alikupa yeye mwenyewe," akasema. "Jumamosi nitakusafisha. Leta sindano."

Tumevishona vyote. Ile sentensi ya kumgombeza nimeikata kwa mstari katika daftari, lakini bado inasomeka, na mwenyewe hayupo nimwombe radhi.

Jumamosi njooni saa tatu kamili asubuhi. Chekeni mkipenda, nimestahili. Ila nawasihi, mtu asinitume kuhesabu viti.