Maji ya Mwenyekiti

Jumatatu, 4 Machi
Mwezi wa pili wa kustaafu na mikono bado inaniwasha kutaka kazi. Leo zamu ya tanki la samaki, zawadi ya kuniaga ofisini. Nimemwaga maji yote, nimejaza mapya ya bomba. Nimesugua kokoto, kioo, hata sponji ya chujio, iliyokuwa na utelezi wa kahawia wa kutia kinyaa. Maji ya moto, bila sabuni. Mimi si mjinga. Tanki linang'aa! Yule samaki mnene, Mwenyekiti, amefuata kidole changu kutoka pembe hadi pembe. Nampenda kuliko baadhi ya ndugu zangu. Hilo lisitoke nje ya daftari hili.

Jumatano, 6 Machi
Maji meupe kama yaliyooshewa mchele. Mwenyekiti anahema juu juu. Shemeji, kaka wa mke wangu, anafanya kazi maabara, kwa hiyo anajua kila kitu. Kaja bila kualikwa na vichupa vyake. Katia matone, maji yakawa kijani. Amonia, akasema. Eti ule utelezi ulikuwa bakteria wema wanaokula uchafu wa samaki, na nimewaua wote. Nikamjibu kwamba nimefanya usafi, sijaua mtu. Atapima tena Jumapili. Ikiwa bado kijani, samaki wangu wote sita wanahamia kwake. Mke wangu kamuunga mkono! Miaka thelathini na moja nimelala na adui.

Alhamisi, 7 Machi
Shemeji kaleta kipande cha sponji chafu kutoka tanki lake, anataka nikiweke kwangu. Uchafu wake, nyumbani kwangu! Nimekataa katakata. Mke wangu kakipokea, kasema atakitupa. Kumbe bado ana akili.

Ijumaa, 8 Machi
Nimepata mpango! Jumapili nitachota mimi, lakini glasi itakuwa na maji ya kunywa. Hayana amonia hata chembe. Nimefanya mazoezi ya kubadilisha glasi bafuni mara tisa. Mara mbili nimejimwagia. Mke wangu anapita na ndoo kila asubuhi, anasema anamwagilia maua. Hatuna maua. Sina muda wa kuchunguza.

Jumapili, 10 Machi
Nilimkabidhi Shemeji glasi nikiwa nimetulia kama maji ya mtungini. Matone. Njano! Amonia sifuri! Nikaanza kumpungia Mwenyekiti. Shemeji akatoa kichupa kingine, cha naitreti. Sifuri pia. Akaniuliza samaki wangu huwa wanajisaidia wapi. Maana bakteria wakishakula amonia, lazima naitreti kidogo ibaki. Kisha akainua glasi, akanywa maji yaliyobaki! Akauliza kama ni ya dukani au tumechemsha wenyewe.

Uso ulinishuka. Nikakiri yote. Nikamsihi asimchukue Mwenyekiti, machozi hayo. Mke wangu akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akachota mwenyewe kwenye tanki. Amonia: njano. Naitreti: rangi ya chungwa. Maji mazima! Sponji ya Shemeji imo nyuma ya chujio tangu Alhamisi. Na zile ndoo? Kila siku alibadilisha robo ya maji, akitia yaliyolala usiku kucha ili klorini, dawa ya maji ya bomba inayoua bakteria, itoke. Samaki wanabaki! Nimemkumbatia mke wangu, nimemkumbatia hata Shemeji. Furaha haina macho.

Jumatatu, 11 Machi
Nimelala vizuri, nimetafakari. Nani hasa ameokoa tanki? Mimi. Nisingekuwa na msimamo, wale wawili wasingejituma. Sasa maji ni mazuri na nafasi ni tele, ya nini Mwenyekiti aongoze wajumbe watano tu? Nimenunua ishirini kwa mpigo. Wako kwenye mifuko hapa mezani, wazuri ajabu. Mke wangu katoka, lazima niwahi. Ndoo yake ilikuwa na maji ya tangu jana, yameshachacha. Nimeyamwaga, nimejaza ya bomba na kuyamimina tankini. Mwenyekiti amekimbilia nyuma ya chujio. Furaha imemzidi.