Changu wangu mwenye doa

Leo nimeadhirika, tena mbele ya wakwe. Naandika mwenyewe kabla Asha hajawatangazieni.

Mnajua, wajukuu zangu, tulikuwa na wageni wa posa. Kijana anafanya kazi Chake, lakini wazee wake ni watu wa Dar. Wakaja wawili hapa Chokocho: shangazi yake, mwanamke wa miwani na mkoba, na ami yake Mzee Rajabu, mstaafu wa magazetini. Mjukuu wangu Asha wiki nzima halali kwa ajili ya siku hii. Nikamwambia atulie, maneno nitasema mie. (Hapo ndipo tulipoharibu.)

Shangazi akauliza, kwa adabu, nyumba hii inaishi kwa kazi gani. Nyinyi nyote mnajua marehemu babu yenu alikuwa mvuvi, na samaki wake ni changudoa, yule mwenye doa jeusi ubavuni. Nikamjibu wazi, mie maneno ya kuzunguka sina.

"Nyumba hii imejengwa na changudoa. Marehemu usiku kucha yuko nao, asubuhi mie nauza."

Shangazi akaweka kikombe chini. "Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nitakosaje kujua? Akirudi nao, mie ndiye ninayewapokea mlangoni."

"Na binti?"

"Asha kasomeshwa skuli kwa changudoa. Na huyo kijana wenu akimuoa, hatowakosa."

Asha akanifinya. Nikamwambia palepale, ukinifinya tena nakutia kofi, na wakwe zako wakuone.

Shangazi akachukua mkoba. Nikaona hawaniamini. (Watu wa mjini kila kitu wanataka ushahidi.) Nikawapeleka kwenye kabati la vyombo. Mlangoni nimebandika kipande cha gazeti tangu miaka ya tisini, kilikuja kimefungia kanga kutoka Dar. Nilikuwa ndiyo kwanza natoka kisomo cha watu wazima, na hicho ndicho kichwa cha habari cha mwanzo kukisoma peke yangu: CHANGUDOA KIBAO WANASWA UFUKWENI. Ya chini sikuwahi kusoma. Herufi ndogo, miwani sina.

"Someni. Hata magazeti yenu yamewaandika."

Mzee Rajabu akasogea, akasoma mpaka chini. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia.

"Bi Mize, hao changudoa wako wana mapezi?"

"Sasa wawe na nini, viatu?"

"Hawa wa gazetini wana viatu. Virefu."

Kisha akanieleza, macho yako chini. Miaka ile wanawake wanaojiuza wakiandikwa sana, na neno lao lenyewe waandishi waliona haya kulitia gazetini. Watu wa mitaani walishaanza kuwaita changudoa. Waandishi wakaona hili lina staha, wakalichukua. Kila wiki changudoa. Mpaka watoto wa Dar wakalijua neno kabla hawajamwona samaki.

"Kwa hiyo haya mliona nyinyi, aibu mkamtwika samaki wangu."

"Ndiyo, bibi. Tuwie radhi."

(Hakusema anamwomba nani, mie au changu.)

Shangazi alikuwa mlangoni, kiatu kimoja kishaingia mguuni. Asha kajifunika uso kwa mtandio. Nikaenda jikoni, nikatoa changudoa mbichi aliyebaki, nikamshika mkia, nikampeleka mpaka kwenye miwani ya yule mwanamke.

"Huyu changu. Hili doa. Ndiyo biashara yetu."

Akamtazama samaki. Akamtazama Asha. Maji ya samaki yakamdondokea mkobani. Akavua kiatu, akarudi kukaa. Posa ikasemwa, nikaipokea. Mzee Rajabu kala changudoa watatu, kila mmoja akimwita samaki tu.

Gazeti nimelibandua. Lakini kuna jambo linanikera tangu wageni waondoke. Marehemu babu yenu alikuwa na macho mazima, akisoma hata herufi ndogo. Kila akija rafiki yake humsimamisha mbele ya lile kabati, wakasoma, wakacheka mpaka wakashikana. Mie nikidhani anajivunia mkewe kujua kusoma. Nikiwapikia na chai.

Magharibi nimemwombea dua kama kawaida. Leo fupi.