Koti ya Shemeji na Kiti ya Wauguzi

Jumatatu, tarehe 8 mwezi wa kenda

Habari kubwa! Sista Adeline, mukubwa wa nyumba yetu ya wazee, ametuita siye wauguzi wote asubuhi. Amesema jimbo inaunda komisyo ya matunzo ya wazee. Komisyo ndiyo itakata sheria zote: wazee wanalala namna gani, wanakula nini, wauguzi wangapi kwa zamu. Kuna kiti ya madaktari, kiti ya mapadri, kiti ya familia. Na kwa mara ya kwanza tangu Bunia iitwe Bunia, kiti ya wauguzi! Ijumaa wakubwa wanakuja kututembelea, kisha tutachagua mutu wetu.

Huyo mutu ni mimi. Nani mwingine? Kila mwaka ninasema: muuguzi mumoja usiku kwa nyumba nzima ni hatari. Kila mwaka mukubwa fulani anaitika kwa kichwa, anamaliza soda yake, anaenda. Muzee Evariste alianguka usiku wakati niko chumba ingine, namugeuza mama mumoja kwa kitanda. Nilisikia akianguka. Sikuweza kukimbia, ule mama angeanguka pia. Ile sauti ingali kwa masikio yangu.

Shida ni moja: Bénédicte. Muuguzi mwenzangu. Anataka kiti pia, na amesema mbele ya watu wote. Hana haya!

Jumanne, tarehe 9

Sikulala. Lakini mupango iko.

Wakubwa watauliza wazee. Basi nimefundisha wazee kupiga ban, ile makofi ya heshima: tatu haraka, moja ya nguvu. Wakisikia jina yangu, Athanase, wapige. Tumejaribu baada ya chai. Nzuri sana! Nilitaka kulia.

Saa ya kula, sombe, majani ya muhogo, imeingia. Wamepiga ban. Mama mumoja amepiga chafya. Ban. Bénédicte ameingia na dawa. Ban, na wimbo juu yake. Kwa jina yangu, kimya. Muzee Evariste ameniuliza Athanase ni nani.

Jumatano, tarehe 10

Nimeelewa! Juu ya nini hawatusikii? Ni bluzi, hii nguo yetu ya kazi! Mutu wa bluzi nyeupe ni mutu wa kutumwa. Leta maji. Fungua dirisha. Nani anauliza mutu wa maji mawazo yake? Ijumaa nitavaa koti.

Nimeazima ya shemeji Médard, anayoimbia kwaya. Rangi ya divai. Médard ni mufupi, mikono ya koti inaishia mbali na mikono yangu. Hapana neno. Muke wangu Priscille amesema weye ni muuguzi, vaa nguo ya kazi yako. Nimemujibu hii ni siasa.

Alhamisi, tarehe 11

Sikulala tena. Bénédicte amenitengenezea chai ya tangawizi. Sikuinywa. Nani anajua ameweka nini? Kisha nimeinywa. Ilikuwa nzuri, na hiyo imenikasirisha zaidi.

Ijumaa, tarehe 12

Eh Mungu wangu. Niandike polepole.

Nilijipanga kando ya kitanda ya Muzee Evariste, koti imefungwa, nimemushika mukono. Nilitaka wakubwa wanikute vile. Wameingia: Mama Annette, kiongozi wao, mutu wa protokole anayepanga nani aseme, watu wa redio. Nyuma yao Sista Adeline na wauguzi wote, kila mumoja na bluzi yake. Mama Annette ameangalia koti. Ameangalia mukono ya muzee ndani ya mukono yangu. Ameuliza kama ni mutoto wake.

Mbele nifungue kinywa, muzee amejibu. Amesema ndiyo, ni Emery wangu, amekuja.

Emery! Mutoto wake wa kweli, anayepakia malori kule Komanda, asiyekanyaga hapa toka zamani!

Kwetu hapa, kuacha baba yako nyumba ya wazee ni aibu inayonuka. Mama Annette amewaka. Amesema huna haya, weye unavaa rangi ya divai na baba yako anavaa triko ya matundu. Amesema alikubeba kwa mugongo, weye umemubeba wapi? Sista Adeline amefungua kinywa. Mutu wa protokole ameinua mukono: hapana kukatia mukubwa maneno! Basi Sista amefunga kinywa. Na Mama Annette alipomaliza, nani angemwambia amekosea mutu, mbele ya redio? Ingekuwa kumuvua nguo hadharani.

Kisha amesoma karatasi ya muzee kwa kitanda, ameniuliza baba yako alianguka, weye ulikuwa wapi?

Nilitaka kusema mimi ni muuguzi. Kweli, vrai vrai, nilitaka. Lakini muzee alikuwa amekamata ile koti kwa nguvu. Nimesema pardo, unisamehe, Mama. Nimesema alianguka sababu usiku kuna muuguzi mumoja kwa nyumba nzima, na ule muuguzi alimusikia akianguka na hakuweza kukimbia. Kisha nimelia. Hiyo haikuwa ndani ya mupango. Nimelia mpaka divai ya koti imeiva.

Mama Annette ametoa miwani, amepangusa macho. Amesema ni mara ya kwanza mutu anawaambia hii neno. Mara ya kwanza! Bénédicte alikuwa nyuma, nilimuona anauma kola ya bluzi yake.

Kuchagua sasa. Mutu wa protokole ameita Athanase. Ameita tena. Sista ameangalia juu kwa plafo. Mimi nimeangalia viatu. Sauti imesema hayuko. Ilikuwa ya Bénédicte! Basi amebaki peke yake, amechaguliwa, na wazee wamepiga ban safi kabisa, tatu haraka, moja ya nguvu. Kazi yangu ile!

Lakini sikia. Mbele ya kupanda gari, Mama Annette amenishika bega. Amesema mutoto aliyetubu ndiye anafaa kusemea familia. Kiti ya familia ni yangu. Niko na kiti!

Jumamosi, tarehe 13

Redio imesema Emery, mutoto wa Muzee Evariste, amelia mbele ya wakubwa. Nimesikiliza na Priscille. Nimemuuliza kama sauti yangu ilikuwa nzuri. Ametoka nje kufua.

Bénédicte amekuja. Nilingojea matusi. Wapi! Amesema kiti ya wauguzi iko na musaidizi, anataka niwe mimi. Twende kwa Mama Annette, tuseme ukweli, ile neno ya usiku itoke kwa kinywa ya muuguzi. Bila hiyo, amesema, wataandika kwamba familia zinalia na wauguzi walinyamaza. Na sisi tumesema mpaka koo imekauka.

Imeniingia. Imeniingia kabisa. Nimemujibu nitafikiri.

Sikufikiri. Musaidizi anakaa nyuma. Delege, musemaji wa familia, anakaa mbele, karibu na mikro ya kusemea. Bénédicte amesema mutaka yote hukosa yote. Ni wivu.

Jumapili, tarehe 14

Emery amefika! Kwa pikipiki, toka Komanda, vumbi mpaka kwa nyusi. Amejisikia analia kwa redio, na yeye hakulia. Amenikamata kola ya koti mbele ya wazee wote. Nimesema tuulize muzee mwenyewe mutoto wake ni nani. Nilikuwa na imani.

Muzee Evariste ametuangalia wote wawili. Amesema Emery, achia muuguzi wangu, ni yeye ananiogesha.

Kumbe alijua! Nimemuuliza basi juu ya nini aliniita Emery. Amesema alimuona Mama Annette anaingia na hasira nzuri, na ilipaswa kumupata mutu. Weye ulikuwa karibu, amesema. Na mimi muzee, nani angenisikiliza juu ya ile usiku? Mutu wa koti wanamusikiliza.

Emery amepiga magoti. Amelia vizuri, amepangusa macho kwa koti, lakini si sawa mimi. Nimeenda dirishani. Nilikuwa na huzuni ya kweli, sijui ya nini, pengine ya kupoteza baba.

Jumatatu, tarehe 15

Emery ameenda mwenyewe kumuelezea Mama Annette. Mama amekasirika, kisha amecheka, kisha amemupa Emery kiti ya familia, sababu yeye ndiye mutoto wa kweli. Kiti yangu! Koti imerudi kwa Médard na doa ya machozi ya watu wawili, na Médard ananinunia.

Bénédicte amepita kabla ya kwenda kikao. Ile neno ya usiku ni ya kwanza kwa kikao, amesema. Ameniletea bluzi yangu, imefuliwa, imepigwa pasi. Amesema pikipiki inangoja, nafasi ya musaidizi ingali wazi, vaa twende, useme vile ulisikia muzee akianguka.

Nimenyoosha mukono. Nilishika mpaka kifungo.

Na pale pale nimesikia Sista Adeline kwa telefone. Daktari wa komisyo ameenda Boga, hatarudi hii wiki. Kiti ya madaktari iko tupu!

Nimemwambia Bénédicte atangulie. Ameweka bluzi kwa kiti, ameenda. Jirani ya Médard iko na stetoskopi. Mutu wa stetoskopi hawamukatii maneno, hata protokole.

Nimekimbia kwa Muzee Evariste kumufundisha: wakubwa wakirudi, aniite Docteur. Amekubali mara moja. Ila anacheka mpaka anakohoa, na sijui anacheka nini.