Viti vya Kitengo cha Kubana Matumizi

Jumatatu, 22 Juni
Balaa! Mwaka wa fedha unaisha wiki ijayo na fungu la kitengo changu bado limenona. Kitengo chenyewe ni cha Kubana Matumizi. Lisipotumika lote, Hazina watalichukua, na mwakani watatupunguzia. Mkurugenzi katamka wazi: kitengo kitakachoonekana hakina kazi kitaunganishwa na Takwimu. Yaani mimi niwe chini ya yule mama anayekiongoza kitengo hicho! Mtu anayezima taa ya ofisi akienda msalani! Heri nife.

Jumanne, 23 Juni
Dawa imepatikana. Viti! Vya ngozi, vya kuzunguka. Shemeji, kaka wa mke wangu, anaviuza. Zabuni imetangazwa asubuhi, imefungwa kabla ya chai, shemeji kashinda. Karani wangu akauliza: sisi tuko wanne, viti mia mbili vya nani? Nimemwambia apanue mawazo. Akili finyu kama hizi ndizo zinazorudisha nchi nyuma.

Ijumaa, 26 Juni
Vimefika. Vimejaa ofisini, koridoni, hadi kwenye ngazi. Nimenaswa nyuma ya meza yangu tangu asubuhi; chakula cha mchana kimesukumwa kwangu juu ya kiti. Mama Takwimu kachungulia, kacheka, kaenda zake. Wivu tu.

Jumatatu, 29 Juni
Waziri kaitisha mkutano wa kurekebisha bajeti. Watu wengi, ukumbi hauna viti. Mkurugenzi kakumbuka vyangu. Nilijiona bwana harusi! Waziri kakaa, kajizungusha kidogo, kafurahi. Kisha akaeleza utaratibu mpya: anayebakiza hapunguziwi tena, anayefuja mwisho wa mwaka ndiye atakayekatwa. Akaomba mfano wa ufujaji.

Mama Takwimu hakuinuka hata kidogo. "Mheshimiwa," akasema, "umeukalia."

Jasho lilinitoka hadi kwenye soksi.

Alhamisi, 2 Julai
Kitengo kimevunjwa. Niko chini ya Mama Takwimu, nimepewa benchi. Viti vimepigwa mnada. Kavinunua shemeji, kwa bei ya kutupa. Nimeumia, sifichi. Lakini nimetafakari kosa langu lilikuwa wapi, na nimeliona: viti bila meza! Nani angenielewa? Sasa mwaka mpya wa fedha umeanza, na bosi wangu huyu bahili ana fungu zima hajaligusa. Nimempigia shemeji. Meza anazo. Na viti, anasema, bado vipo.