Msizibe Tundu la Nyuma ya Jiko Langu

Bwana Msimamizi wa Majengo,

Natumai u mzima na ofisi yako haipitishi upepo. Mimi ni mpangaji wako wa chini, yule mwenye kitambi anayesahau kufunga geti. Nakuandikia kwa heshima zote kupinga uamuzi wa kuziba tundu la nyuma ya jiko langu.

Juzi fundi wako, akitafuta panapovuja hewa, alifunga feni kubwa mlangoni kwangu, ikawa inavuta hewa ya ndani kuitoa nje. Kisha akabandika ukutani vidude vidogo kama vifungo vya koti, vinavyopeleka habari kwenye simu yake kila vinapohisi upepo unapenya. Vya sebuleni vilinyamaza kwa adabu. Cha jikoni kililia kama mtoto aliyenyang'anywa mkate. Fundi akacheka: "Mzee wangu, hii si nyumba, ni chujio." Jumatatu atarudi na povu la kuzibia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Tundu hilo, lililoachwa pembeni mwa bomba la maji, linatokea jikoni kwa kaka yangu, mlango wa pili. Hatusemezani tangu alipoazima ngazi yangu, kisha akadai nilimpa. Ila yeye huisemesha sufuria yake, mimi yangu, na tundu hufikisha.

2. Nikikohoa, kaka huiambia sufuria, "Kuna watu wazima na mvi zao hawajui hata kuchemsha tangawizi." Nachemsha, napona. Naye akiunguza vitunguu, naiambia yangu, "Mama alituachia pua, wengine sijui waliuza." Mara nasikia jiko linazimwa. Mkiziba, mmoja wetu atakufa kwa kikohozi na mwingine kwa moto, na jengo ni lenu.

3. Redio ninayosikiliza ni yake.

4. Kama kuziba ni lazima, ofisi iajiri mtu wa kusimama kwenye korido na kubeba vijembe vyetu bila kuvipunguza makali. Apewe na msaidizi, maana kaka akianza habari ya ngazi hamalizi.

5. La sivyo, vidude vyenu vinavyojua hewa inapopita vifundishwe kujua na kaka anapopita, vinitumie ujumbe kwamba yu hai. Kusema kweli hilo ndilo ninalolihitaji. Mengine ni mbwembwe.

Nisalimie karani wako, mlinzi wa geti, na huyo fundi, ambaye simlaumu. Mjumbe hauawi.

Wako mtiifu, penye upepo,
Mpangaji wa chini, mdogo wake yule wa mlango wa pili

Tanbihi: Kabla ya kuituma barua hii nimesokomeza tambara kwenye tundu, nionje hayo maisha yenu mapya. Nikakohoa. Kimya. Chai haijachemka, naona uso wa kaka kwenye kile kidirisha cha juu cha jikoni, amepanda ngazi. Ngazi yangu. Kaniuliza kama nimekufa. Nikamwuliza, ningekufa angeirudisha? Sasa yuko sebuleni, anakunywa chai yangu na kushikilia kwamba ngazi alipewa. Kwa hiyo naomba fundi asingoje Jumatatu. Aje kesho, azibe tundu, azibe na nyufa zote za dari. Tumeanza kugombana uso kwa uso, na sipendi jirani wa juu afaidi.