Mafuta ya Kukaangia Kikosi

Jumatatu, 3 Machi
Fedheha! Nesi wa kituo ametamka mbele ya kikosi kizima kwamba mishipa ya moyo wangu imevimba kwa ndani, kisa ulaji wa vinono. Mimi, mzimamoto niliyezoea kuingia katika majengo yanayowaka, nitishwe na soseji? Mkuu wa kituo akakoleza: damu itapimwa tena mwisho wa mwezi, ikikutwa hivi hivi, nashushwa kwenye ngazi ya gari la zimamoto, nahamishiwa chumba cha simu. Nafasi yangu aichukue Sindano, yule mwembamba atafunaye karoti kama sungura. Haiwezekani!

Jumanne, 4 Machi
Ufumbuzi umepatikana. Kula majani? Hasha. Iwapo kikosi kizima kitavimba mishipa, mkuu atamshusha nani? Ngazi haijipandi. Nimejitolea kupika zamu zetu zote za mwezi huu. Wenzangu wameshangilia, hakuna apendaye kumenya vitunguu.

Alhamisi, 6 Machi
Nyama yenye mafuta, viazi vya kukaanga, soseji. Vijiko vimeinuliwa. Kengele! Ghala la magodoro linaungua. Tuliporejea, mafuta yalikuwa yameganda. Sindano akachungulia sufuriani.
"Kaka mkubwa, hiki tukile au tukiwashe?"
Kicheko. Wakagawana maharage yake ya kuchemsha. Nayo desturi ya kituo haina huruma: kinachobaki sufuriani ni cha mpishi. Nimekila. Chote.

Jumanne, 11 Machi
Kuku wa kukaanga. Kengele. Jana vilevile. Je, mji huu hauwezi kuungua baada ya chakula? Sufuria imeniangukia mimi tena. Wenzangu sasa wanakuja na matunda na mboga za kwao, eti hawataki kunisumbua. Unafiki mtupu!

Jumapili, 16 Machi
Mapumziko. Mke wangu amenikuta nimeketi katikati ya ngazi za nyumbani, nahema. Akauliza kama nasubiri gari la zimamoto linipandishe. Nikamjibu kwamba natafakari. Akasema, safari hii bila mzaha, kwamba hakuolewa ili awe mjane wa soseji. Bibi huyu haelewi mikakati.

Ijumaa, 28 Machi
Vipimo. Damu ya wenzangu wote imetulia, na wenye presha imewashuka. Yangu imepanda! Nesi, kwa mshangao, akawauliza siri yao. Wakaninyooshea vidole kwa pamoja.
"Ni huyu, dada! Akipika, hatuli."
Sindano yuko kwenye ngazi. Mimi niko kwenye simu.

Jumamosi, 29 Machi
Chumba cha simu. Kiti kinalia kila ninapogeuka. Mkuu ameahidi kunirejesha pindi moyo utakapotengemaa. Nesi ameniagiza samaki, mboga za majani na matembezi ya kila siku. Nia yao ni njema, siwalaumu. Hata hivyo, nimeuchambua mwezi huu kwa utulivu wa mtu mzima, na kosa langu limejidhihirisha: chakula cha sufuria hakimfuati mtu garini. Keki ya kukaanga humfuata! Mtu ataitia mfukoni, ataila njiani, ataimalizia penye moshi. Mwezi ujao hapatakuwa na mshipa salama kituoni, na mkuu atanipigia magoti nirudi.

Leo nimekaanga ndoo nzima ya majaribio. Wenzangu wamekataa hata kunusa. Ubora wake nimeuhakiki mwenyewe, mpaka chini ya ndoo.