Kituo Kitupu cha Katandala

Baridi ya Juni ilikuwa imetubana kwenye benchi la Bashiri, muuza kahawa tunayemwita Birika, Hilaria alipotokea mbio. Hilaria hufagia ofisi za wilaya, na kila karatasi huisoma kabla ya kuifagia. Ndiyo maana tunamwita Redio.

"Shikamoo Mzee Kufuli, wengine habari zenu, kituo kinafungwa!"

"Marahaba. Kituo gani?" akauliza Mzee Rafaeli, ambaye ndiye Kufuli.

"Hicho hicho unacholinda, mzee!"

Sote tukageuka. Kituo kilikuwa hatua ishirini tu kutoka benchini: kibanda cha mabati, kilichojengwa ili wananchi walete vyuma chakavu, chupa na makopo, kisha lori livipeleke kiwandani.

"Tangazo limebandikwa," Redio akaendelea. "Kitakachokutwa kitupu kinafungwa papo hapo. Cha Kaoze kimeshakwenda. Jana mkaguzi alikuwa Msanzi. Leo yuko hapa kabla ya adhuhuri."

Adolfu akaweka kikombe chini. Huyu ndiye Koroboi, fundi wa taa za makopo, na makopo yote anayoyapata hutoka kwenye kibanda kile. Ana watoto sita.

"Basi nimekwisha. Nitapata wapi bati? Duka la ushirika lenyewe halina kopo hata la kuonyesha watu."

"Lakini mbona kitupu?" Birika akashangaa. "Watu nawaona wanaleta kila siku."

"Wanaleta sana," Mzee Kufuli akakubali taratibu. "Ila mtu wa hapa akileta kopo bovu, akaona beseni lisilo na kitako, anasema hili litafaa kwa vifaranga. Anaacha kopo, anachukua beseni. Koroboi naye anachukua kopo. Kinabaki nini?"

"Sasa wewe mzee unalinda nini?" Birika akamuuliza.

"Utaratibu. Hakuna anayechukua bila kuacha."

"Hata mlango?"

"Aliyechukua mlango aliacha dirisha."

"Liko wapi dirisha?"

"Lilichukuliwa na aliyeacha kufuli." Akapapasa mfuko wa koti. "Kufuli ninalo."

Redio akacheka mpaka akashika ukuta. "Eti taka! Nani ana taka mwaka huu? Hata kipande cha sabuni tunakipangia foleni!"

Koroboi hakucheka. Birika akamtazama, akachochea mkaa, kisha akainua kidole.

"Sikilizeni. Mkaguzi anataka kukuta vitu. Hajasema vya nani. Kila mtu akiazime kituo chombo chake. Akishaona, akiandika, akiondoka, kila mtu anachukua chake."

"Na lori?" akauliza Mzee Kufuli.

"Lori litakuwa limeshajaa huko Msanzi, mzee wangu. Atabeba kwa kichwa?"

"Wewe unaazima birika?"

"Birika ni ofisi. Mimi natoa sahani."

"Sahani! Ubongo mkubwa, mkono mfupi!" Redio akamtupia, lakini tayari alikuwa anakwenda nyumbani kwake.

Ndani ya nusu saa kibanda kilijaa. Mzee Kufuli alileta majembe mawili na fremu ya baiskeli. Redio alileta sufuria, ukoko wa uji haujakauka. Majirani nao wakaleta ndoo na madebe. Koroboi alikuja wa mwisho, amepinda mgongo, amebeba fuawe lake: kipande cha reli ambacho marehemu baba yake alikitoa Mpanda, na ambacho juu yake kila taa ya Katandala imegongwa.

"Hicho si uache?" nikamwambia.

"Kizito hiki. Kitajaza macho."

Mkaguzi akashuka kwenye lori, amevaa koti refu. Akazunguka, akagusa sufuria.

"Mbona la moto?"

"Jua, ndugu," akasema Redio.

Mkaguzi akatazama mawingu, akafunga kifungo cha shingoni, akaandika. Kisha akampa mkono kila mmoja wetu.

"Katandala mmetia fora! Kituo hiki hakifungwi. Na mwezi ujao tunategemea mara mbili ya hivi."

Koroboi alikuwa ameshaanza kutabasamu mkaguzi alipogeuka kwa wapakiaji wake. "Haya, pakieni."

"Lori si limejaa?" Birika akauliza.

"Lijae nini? Msanzi hatukupata hata kijiko."

Ndoo zikapanda. Majembe yakapanda. Sufuria likapanda likitoa mvuke. Wapakiaji wawili walipoinamia kipande cha reli, Koroboi akafumbua mdomo. Redio akamfinya.

"Ukisema ni chako, kituo kinafungwa hapa hapa," akamnong'oneza.

Akaufumba. Reli ilipodondoka ndani ya lori, ardhi ilitikisika kidogo.

Lori likaondoka. Tukarudi benchini, hakuna aliyeagiza kahawa. Muda si mrefu mama mmoja akapita, akaweka makopo manne mazuri ndani ya kibanda, akatafuta cha kuchukua, akakosa, akaenda zake akinung'unika.

Koroboi akayatazama makopo yale.

"Kituo ninacho," akasema. "Bati ninalo. Sasa nitagongea wapi?"

Mzee Kufuli akapapasa kufuli lake mfukoni.

"Gongea kichwani kwa Birika," akasema. "Wazo lilitoka pale, na hapajapungua kitu."

Siku hiyo Birika alizima mkaa, akabeba birika lake akaenda nyumbani kabla ya saa sita mchana.